Mwaka Tulipopaka Raketi Polishi

Tulimzika Moraa kule Nyamache siku ya Alhamisi. Magoti yangu siku hizi hayana msaada, kwa hiyo nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema tangu saa nne asubuhi mpaka watu walipoanza kupanga foleni ya chakula. Nimehudhuria mazishi mengi kiasi kwamba najua wimbo utakaofuata kabla kwaya haijasimama. Mpwa wake alisoma wasifu wa marehemu kutoka kwenye karatasi iliyopigwa chapa vizuri, na alipofika mahali pa kazi akasema kwamba shangazi yake alifundisha kwa muda mfupi upande wa Nyaramba, kisha akaacha ualimu kwa hiari yake ili alee familia. Watu wakasema amina. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Baadaye mama mmoja niliyeketi karibu naye aliniuliza kama ni kweli niliwahi kukaa nyumba moja na marehemu tulipokuwa wasichana. Nikamwambia ni kweli. Akangoja niongeze kitu, sikuongeza. Nimechoka kuulizwa mambo ya zamani, na nimechoka zaidi kuyanyamazia, kwa hiyo nayaandika hapa mara moja jinsi yalivyokuwa.

Ulikuwa mwaka wa sabini na mbili. Mimi na Moraa tulikuwa walimu wasiosomea ualimu, wale walioitwa kujaza pengo kwa sababu madarasa yalikuwa mengi na walimu wachache, na shule ilitupa nyumba moja ya vyumba viwili kwenye pembe ya kiwanja. Nyumba hiyo ilikuwa chini ya paa moja na ya mwalimu mkuu, Mwalimu Ombati, na kati yetu na yeye ulikuwepo ukuta wa udongo ambao fundi aliuachia njiani kabla haujafika kwenye bati. Kila kilichosemwa kwake kilitufikia, na bila shaka kila kilichosemwa kwetu kilimfikia. Tulijifunza kucheka kwa kufumba mdomo. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, stuli mbili na jiko la makaa, na cha nyuma kilikuwa na vitanda vyetu viwili vilivyokaribiana sana hata nikigeuka usiku ninamgonga kwa kiwiko. Jioni tulikula ugali wa wimbi na chinsaga, yale majani machungu ambayo Moraa aliyachemsha na maziwa siku mbili mfululizo mpaka yakalainika, maana alikuwa na subira ya jikoni ambayo mimi sijawahi kuwa nayo hata leo. Sisi wenyewe tulizungumza Kigusii, na maneno yetu nayaweka hapa kwa Kiswahili kama ninavyoyakumbuka.

Burudani ya pekee pale shuleni ilikuwa mpira wa meza. Fundi wa kijiji alikuwa ameunganisha mbao nne zikawa meza, nayo ilikaa katika darasa la saba, na saa kumi wanafunzi walisogeza madawati ukutani ili walimu wacheze. Wavu ulikuwa kipande cha gunia. Mpira ulikuwa mmoja, na ukibonyea tuliutia kwenye maji ya chai yaliyochemka mpaka ukajaa tena, ndipo tukatia majani. Raketi zilikuwa mbili. Moja ilikuwa na raba nyekundu pande zote mbili. Ya pili hakuna aliyekumbuka ilianza na rangi gani; ilikaa miaka dirishani ikapigwa na jua hadi ikawa rangi ya chai ya maziwa. Shule nzima, kuanzia Mwalimu Ombati mpaka watoto wa darasa la kwanza, iliamini kwamba nyekundu ndiyo yenye kasi. Mwalimu wa sayansi alikuwa na maelezo yake, kwamba rangi nyekundu hupokea joto, raba ikipata joto hulegea, na ikilegea inarusha. Aliyasema hayo akiwa amekunja mikono, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ameyasoma wapi.

Cha kushangaza ni kwamba ushahidi ulikuwa mbele yetu kila siku na hatukuuona. Mimi nilikuwa mtu wa kulalamika, kwa hiyo Moraa aliniachia nyekundu kila mara, akashika ile iliyopauka, na akanishinda. Hakuwa akiupiga mpira, alikuwa anaukwangua. Kabla ya kuanza aliihemea raba, akaifuta kwa kiganja, akaihemea tena, kisha mpira ukitoka kwake ukigusa meza unakata kona na kukuacha umenyoosha mkono hewani. Mimi nilijua kusukuma tu: unakuja, naurudisha. Watu walipomwona anavyonitesa hawakusema kwamba raketi iliyopauka ni nzuri. Walisema, "Huyu angeshika nyekundu angetuua." Leo nikipita kwenye shule nilikostaafu, mwalimu wa michezo ananionyesha raketi za kisasa, upande mmoja mwekundu na mwingine mweusi, na vijana wanabishana ni upi wa kasi. Yeye huwaambia kwamba rangi zimewekwa na sheria ili mpinzani ajue umempiga kwa upande upi, maana raba za pande mbili zinaweza kuwa za aina tofauti. Kinachocheza ni raba yenyewe, umri wake na usafi wake. Huwa natikisa kichwa na kuondoka. Hilo nilijifunza zamani kwa njia mbaya.

Habari ya chuo tuliipata kupitia ukutani. Ilikuwa jioni, mwezi wa kumi, tunakula, na tukamsikia Mwalimu Ombati akimwambia mkewe kwamba wameandikiwa barua: shule ina nafasi moja tu ya kumpeleka mwalimu chuo cha ualimu, na chuo kinapendelea mtu anayeweza kusimamia michezo. "Nikimwandika Moraa, nusu ya kamati itanuna," akasema. "Nikimwandika Kerubo, nusu nyingine itanuna. Wote wanafundisha vizuri. Nifanyeje?" Tulisikia mwiko ukigonga sufuria. Mkewe akajibu, "Si chuo kinataka mtu wa michezo? Basi wacheze, atakayeshinda aende. Hata hiyo kamati ina macho." Mzee akacheka, na tulijua kwa kicheko kile kwamba amekubali. Moraa alikuwa ameshika tonge. Aliliweka chini, akaninong'oneza, "Kerubo, tusigombane kwa ajili ya hili." Nikamwambia hatutagombana. Tulijua wote wawili maana yake. Walimu waliosomea walikuwa wanakuja, na asiyekuwa na cheti angeondolewa siku yoyote. Mmoja wetu angekuwa mwalimu maisha yake yote na mwingine angerudi shambani. Nami nilijua tayari ni nani angeshinda.

Mechi ilipangwa Jumapili, seti tatu. Mwalimu Ombati akatoa amri kwamba kila seti tubadilishane raketi, na ikifika seti ya tatu, atakayebahatika kwa shilingi iliyorushwa achague. Aliona kwamba ametenda haki kabisa. Ijumaa iliyotangulia ilikuwa siku ya maandalizi kama Ijumaa zote katika shule ya Kiadventista: kuni zinapasuliwa, maji yanachotwa, chakula cha Sabato kinapikwa, na wasichana wakubwa wanapiga magoti ofisini na vitambaa na kopo la polishi nyekundu kusugua sakafu ya saruji mpaka unajiona usoni. Kila kitu lazima kiishe kabla jua halijatua, kwa sababu likishatua Sabato imefunguliwa na kazi imekwisha. Moraa alikuwa na zamu ya kuwasimamia. Wasichana walipomaliza wakaenda, aliona polishi imebaki ndani ya kopo, akafungua kabati, akatoa raketi zote mbili. "Kerubo, njoo," akaniita. "Hebu tuipake hii nayo, ziwe nyekundu zote. Asije mtu akasema alishindwa na rangi." Lilikuwa wazo lake, na lilikuwa wazo la haki. Tulikaa kwenye ngazi ya ofisi, mmoja akipaka na mwingine akisugua kwa kitambaa, tukicheka kwa sauti kwa sababu mzee alikuwa sokoni. Raba ile iliyopauka ilinywa polishi, ikawa nyekundu kuliko nyekundu yenyewe. Moraa akaitazama akaridhika, akachukua ndoo yake akaenda kuoga.

Nilibaki na raketi mkononi na mpira mfukoni. Sijui kwa nini niliujaribu. Pengine mikono ya kijana haiwezi kutulia. Niliupiga ukutani, ukarudi, kisha nikajaribu kuukwangua kama afanyavyo Moraa. Raba haikuushika hata kidogo. Mpira uliteleza ukaanguka miguuni pangu. Nikajaribu tena, ukaanguka tena. Nikaisugua kwa nguvu kwa upindo wa sketi yangu, haikubadilika. Pale ndipo nilipoelewa, na nilielewa kila kitu kwa mara moja, jambo ambalo halinitokei mara nyingi: Moraa akiishika hii hataweza kuzungusha mpira, na mimi nikiishika mizunguko yake haitanifanya kitu. Kwangu mimi ninayesukuma tu, haina hasara yoyote. Kulikuwa na beseni la maji ambalo wasichana walisahau mlangoni, na kipande cha sabuni juu ya dirisha. Jua lilikuwa bado juu ya mlima. Nilimsikia Moraa akiimba ndani ya uzio wa bafu. Nikairudisha raketi kabatini na kufunga. Nilijiambia kwamba Sabato inaingia na si vizuri kuanza kuosha vitu. Ilikuwa imebaki nusu saa nzima, na nusu saa inatosha kuosha raketi kumi.

Siku ya Sabato tuliketi pamoja kanisani kama kawaida, tukishika kitabu kimoja cha nyimbo, yeye akiimba sauti ya pili na mimi nikimfuata. Mchana tulikula ndizi zilizopikwa jana yake, zikiwa zimepoa. Kama mtu aliwahi kupewa siku nzima ya kukaa kimya na kufikiri, ni mimi. Nilifikiria nyumbani, nikafikiria jembe, nikafikiria mikono ya wanawake wanaochuma chai asubuhi kukiwa na baridi. Sikufikiria mikono ya Moraa. Nasema hivyo bila kujitetea, kwa sababu nimefikia umri ambao kujitetea kunachosha kuliko kukiri.

Jumapili darasa la saba lilijaa. Wazee watatu wa kamati walikaa kwenye madawati na kofia zao magotini, wanafunzi wakajazana madirishani. Mwalimu Ombati alisimama katikati na filimbi shingoni, akazishika raketi zile mbili nyekundu, akazigeuza. Watu wakanong'ona kwamba sasa kuna nyekundu mbili. "Walimu," akasema kwa Kiswahili chake cha mikutano, "sitaki maneno baadaye. Hizi raketi iko sawa?" Moraa alinitazama, kwa sababu mimi ndiye niliyezitoa kabatini asubuhi ile. Nikasema, "Ziko sawa, Mwalimu." Akapuliza filimbi.

Seti ya kwanza niliishika ile ya polishi. Moraa alifanya yote anayoyajua, akahema, akafuta, akakwangua, na mipira yake ikaja inakata kona, mimi nikaweka raketi tu mbele yake na ikarudi ikiwa imekufa, tena chini kuliko alivyotarajia. Alikuwa anapiga wavu. Nilishinda kwa pointi ishirini na moja kwa kumi na nne, na watoto wakapiga kelele kwamba nyekundu mpya ni kali. Seti ya pili aliishika yeye. Mara tano za kwanza alizoanzisha, mpira ulimtoka ovyo. Kisha akasimama. Aliangalia vidole vyake, ambavyo vilikuwa vimeshika rangi, akavifuta polepole kwenye sketi. Tangu hapo hakukwangua tena. Alianza kupiga moja kwa moja, kwa nguvu, mchezo ambao sikuwahi kumwona akiucheza, na jasho likimtiririka akanishinda ishirini na mbili kwa ishirini. Hata wazee wa kamati walisimama. Mwalimu Ombati akarusha shilingi, ikaniangukia mimi. Nilikuwa na nafasi ya kuchagua ile nyekundu ya zamani, na nafsi yangu ingetulia hata kama ningeshindwa. Nilichukua ile ya polishi. Moraa akainama kunyanyua mpira, ambao sasa ulikuwa na madoadoa mekundu, akaushika kiganjani kwa muda, akaniangalia usoni. "Uko tayari?" akaniuliza. Nikajibu niko tayari. Nilishinda kwa pointi tatu.

Baada ya mechi mke wa mwalimu mkuu alituandalia chai na ndizi za kuchemsha sebuleni kwake. Wazee walikuwa wanabishana kuhusu rangi. Mmoja alishikilia kwamba nyekundu ya sakafu ina nguvu kuliko nyekundu ya kiwandani, na mwalimu wa sayansi akakubaliana naye kwa sababu joto linazidi. Moraa alikuwa ndiye anayemimina chai. Aliponifikia alinijazia kikombe, akabaki amesimama na birika mbele yangu kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, kana kwamba nimeomba kuongezwa. Nikamshukuru. Akaenda kwa mwingine. Mwalimu Ombati akasogeza sahani pembeni na kuandika jina langu palepale mezani. Mwezi wa kwanza nilipoondoka, Moraa ndiye aliyenibebea sanduku mpaka barabarani. Gari lilichelewa. Tulikaa juu ya sanduku lile karibu saa mbili, tukizungumza juu ya mvua na juu ya mbuzi wa jirani, kisha gari likaja nikapanda.

Mengine yalikwenda kama yalivyotarajiwa. Nikiwa chuoni, walimu wenye vyeti walifika na Moraa akaondolewa. Aliolewa Nyamache, akachuma chai ya mumewe, akazaa. Mimi nilifundisha, nikapandishwa cheo, nikapata heshima yangu. Miaka sita baadaye niliwapeleka wanafunzi wangu kwa mashindano katika shule ile ya zamani, tukafika Ijumaa mchana, na nikawakuta wasichana wamepiga magoti ofisini wakisugua sakafu. Pembeni yao walikuwa wameziweka raketi nne, nao wanazisugua polishi moja baada ya nyingine kwa bidii. Nikauliza wanafanya nini. Msichana mmoja akanijibu kwa adabu kabisa, "Mwalimu, nyekundu ndiyo ya kasi. Kuna mwalimu wa hapa alienda chuo kwa sababu yake." Shule ile ilikuwa haijashinda mechi hata moja ya nje kwa miaka yote hiyo, na kila Ijumaa ilizidisha polishi. Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi. Nilisikia uchovu wa ghafla, ambao usingizi haukuutoa. Jumatatu sikwenda kazini. Nilikwenda Keumbu, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba Moraa huuza ndizi pale kando ya barabara.

Nilimkuta ameketi nyuma ya mikungu mitatu, mtoto mgongoni, anafunga vichane kwa kamba ya mgomba. Alikuwa amekonda, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu. "Bwakire, Moraa," nikamsalimu. "Buya, Kerubo," akajibu, akanisogezea kigoda cha kukalia kana kwamba tuliachana jana. Aliniuliza habari za kazi na za watoto wangu. Nilimjibu, kisha nikasema yale niliyoyapanga njia nzima. "Moraa, ile raketi. Haikuwa rangi. Ni polishi iliyoifanya iteleze, na polishi ilikunyang'anya wewe mchezo wako wote. Niliijaribu ukutani ile Ijumaa ulipokwenda kuoga. Nilijua kabla jua halijatua."

Hakushtuka. Alimaliza kufunga fundo, akakata kamba kwa meno. "Mimi nilijua seti ya pili," akasema.

"Sasa mbona hukumwambia Mwalimu Ombati?"

"Ningemwambia nini? Kwamba dada yangu wa nyumba moja amedanganya mbele ya wazee?" Alinyanyua kichane akakiweka juu ya kingine. "Nilijua utasema mwenyewe. Nilikuuliza kama uko tayari, ukasema uko tayari. Nikasema basi, atasema kwenye chai. Halafu nikasema atasema barabarani, ndiyo sababu nilikubebea sanduku. Ulipopanda gari nikasema ataandika barua. Nilikungoja hivyo mpaka siku waliponifuta kazi, Kerubo. Siku hiyo ndiyo niliacha."

Mteja akasimama akauliza bei ya mkungu mdogo, na Moraa akamgeukia. Nilisimama pale mpaka wakamaliza kuelewana, na walipomaliza hakunigeukia tena.